Mkuu wangu amelikata neno: "Halimo kwenye kamusi"

"Kazini huwa naandika ripoti na makala kwa Kiingereza. Juzi mkuu wangu alikata neno 'doomscrolling' kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: 'Si neno, halimo kwenye kamusi.' Kamusi yake ni ya kitabu, na si ya jana wala juzi. Mimi neno hilo nimeliona mara nyingi kwenye magazeti makubwa. Wakati huohuo vijana nyumbani wananiambia 'rizz', 'delulu' na 'skibidi', na nasikia hayo ndiyo yameingia kamusini! Naomba kujua: nani hasa anaidhinisha neno jipya la Kiingereza? Nitajuaje lipi nilitumie kazini na lipi niliache lipite? Na swali la mwisho, naliuliza kwa haya kidogo: nimebuni neno langu la Kiingereza. Kuna mahali pa kulipeleka?"

Ndugu msomaji,

Maswali yako ni matatu lakini yametoka kwenye wasiwasi mmoja. Umeandika neno unalolijua, mtu mwenye cheo kuliko wewe akasema halipo, na sasa unajiuliza kama Kiingereza chako ndicho chenye kasoro. Tuanzie hapo. "Doomscrolling", ile tabia ya kukaa na simu ukishuka kutoka habari mbaya moja hadi nyingine huku ukishindwa kujizuia, ni neno. Merriam-Webster, kamusi maarufu ya Kiingereza cha Marekani, ilikiingiza kitenzi chake, "doomscroll", mnamo Septemba 2023 katika kundi la maneno mapya 690. Kwa hiyo kuhusu neno lenyewe mkuu wako amekosea. Kuhusu ripoti yako huenda hakukosea, ila kwa sababu nyingine kabisa, na tutaifikia.

Nani anaidhinisha? Hakuna. Kifaransa kina Académie française, iliyoanzishwa mwaka 1635, inayotoa kauli juu ya kipi ni Kifaransa na kipi si Kifaransa, ingawa wasemaji wenyewe mara nyingi huipita kando. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alipendekeza Waingereza nao waunde chombo cha kuirekebisha lugha yao kisha kuifunga isibadilike tena. Pendekezo halikufika popote, na hadi leo hakuna ofisi wala jopo lenye mamlaka hayo. Kamusi ya Kiingereza inafanya kazi kama daftari la vizazi: mtoto anazaliwa kwanza, ndipo karani anaandika. Karani akichelewa, mtoto yupo tu, tena pengine keshaanza kutembea.

Inafaa kujua karani huyo anaandikaje, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotoka. Kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, ilitoka kwa vipande kuanzia 1884 hadi 1928, na mhariri wake aliyejulikana kuliko wote alikuwa James Murray. Wasomaji wa kujitolea walisoma vitabu, wakakuta neno, wakanakili sentensi nzima kwenye kikaratasi pamoja na mwaka, jina la kitabu na ukurasa, wakatuma. Vikaratasi vilipangwa kwa tarehe, na maana ya neno ikasomwa kutokana na sentensi hizo. Msingi huo haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba leo sentensi nyingi hutoka kwenye kopasi, yaani hazina za kielektroniki zenye mabilioni ya maneno yaliyokusanywa kutoka magazeti, vitabu, mazungumzo na mitandao. Neno lisilo na sentensi za ushahidi haliingii, hata likiwa zuri kiasi gani.

Merriam-Webster wanasema huangalia mambo matatu: neno litumike mara nyingi, litumike mahali pengi na kwa watu mbalimbali, na litumike kwa maana. Hilo la tatu linaonekana la ajabu mpaka uone mfano. "Antidisestablishmentarianism" ni neno ambalo karibu kila mwanafunzi wa Kiingereza amelisikia, lakini linasikika kwa sababu moja tu: watu hulitaja kama mfano wa neno refu. Ni nadra kukuta mtu analitumia kusema jambo. Ndiyo maana kamusi hiyo imeliacha nje.

Muda wa kusubiri haujawekwa na sheria yoyote. Kwa kawaida ni miaka. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina la COVID-19 tarehe 11 Februari 2020, na kufikia tarehe 16 Machi Merriam-Webster walikuwa wameshaliingiza, siku 34 tu, kwa sababu ulimwengu mzima ulilihitaji kwa mpigo. Upande wa pili, "podcast" lilionekana kwa mara ya kwanza, kwa umbo la "podcasting", Februari 2004 kwenye makala ya Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian. Kamusi iliyochapishwa 2003 isingeweza kuwa nalo hata wahariri wake wangekuwa manabii. Kabla hujabishana na mkuu wako, fungua ukurasa wa haki za uchapishaji wa kamusi yake uone mwaka. Mara nyingi mjadala unaishia hapo.

Jambo jingine linalochanganya ni kudhani "Oxford" ni kamusi moja. Chini ya jina hilo zipo kamusi kadhaa. Ile kubwa ya kihistoria haifuti neno likishaingia, hata likifa. Inaliwekea alama tu kwamba limekufa. Zile ndogo za Kiingereza cha sasa na za wanafunzi hupunguza na kuongeza, maana kurasa zina mwisho. Halafu kuna Neno la Mwaka, ambalo vyombo vya habari hulitangaza kana kwamba ni cheti. Wachapishaji wa Oxford walichagua "goblin mode" (kujiachia ovyo bila kujali watu) mwaka 2022, "rizz" (mvuto wa mtu kwa wengine) mwaka 2023 na "brain rot" (akili kudumaa kwa vitu vya kipuuzi) mwaka 2024. Mwaka 2015 walichagua emoji ya uso unaocheka hadi machozi, ambayo hata neno si. Uteuzi huo ni wa kuonyesha hali ya mwaka na kuvuta macho ya wasomaji. Kuingizwa kamusini ni kazi tofauti, yenye wahariri wake na ushahidi wake.

Kuhusu "skibidi" na "delulu", umesikia sawasawa: Cambridge waliyatangaza Agosti 2025 kuwa yameingia kwenye kamusi yao ya mtandaoni. "Delulu" limetokana na "delusional", yaani mtu anayeamini mambo yasiyo na msingi. "Skibidi" lilisambazwa na mfululizo wa katuni za YouTube ulioanza 2023, na Cambridge wenyewe wanaeleza kwamba laweza kumaanisha kitu kizuri, kibaya, au lisiwe na maana yoyote. Kuliingiza kunamsaidia mzazi au mwalimu aliyekutana nalo akakwama. Hakuna mhariri aliyesema liandikwe kwenye ripoti ya robo mwaka.

Tena kuwamo kamusini hakulipi neno uhai. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Webster, la mwaka 1934, lilikuwa na "dord", lililoelezwa kuwa na maana ya uzito wa mada kulingana na ujazo wake. Neno hilo halikuwahi kuwepo. Kikaratasi kilichosomeka "D or d", yaani herufi D kubwa au ndogo kama kifupisho cha "density", kiliingia kwenye rundo lisilo lake na mtu akakisoma kama neno moja. Kasoro iligunduliwa 1939 na ikaondolewa baadaye. Katika toleo hilohilo la 1934 kulikuwa pia na "thon", kiwakilishi kilichobuniwa na Mmarekani Charles Crozat Converse katika karne ya 19 ili kumtaja mtu bila kusema ni mwanamume au mwanamke. Kiliingia kamusini kwa heshima zote, watu hawakukitumia, na katika toleo la 1961 hakimo. Pengo alilotaka kuliziba linazibwa na "they", ambalo limetumika kwa mtu mmoja tangu karne ya 14 bila kuombewa kibali na yeyote.

Sasa kuhusu upya wenyewe. Maneno mengi tunayoyaita mapya ni mapya masikioni mwetu tu. "OMG" limo kwenye barua ya Admirali Fisher kwa Winston Churchill ya mwaka 1917. "Unfriend" kama kitenzi lilitumiwa na Thomas Fuller mwaka 1659, miaka zaidi ya mia tatu kabla ya mitandao ya kijamii. "Brain rot" liliandikwa na Henry David Thoreau mwaka 1854. Mwanaisimu Arnold Zwicky aliipa jina hali hii mwaka 2005, "recency illusion": ni udanganyifu wa akili unaokufanya uamini kwamba ulichokigundua leo kimeanza leo. Una sura mbaya zaidi pia. Sehemu kubwa ya kinachoitwa lugha ya vijana wa mtandaoni ni Kiingereza cha Wamarekani weusi, kilichozungumzwa kwa miaka mingi kabla ya kuchukuliwa, kupachikwa jina la kizazi fulani na kusahauliwa asili yake. "Woke" ni mfano ulio wazi.

Nikupunguzie na madai mawili yanayozunguka sana. Lile la kwamba Shakespeare alibuni maneno 1,700 linatokana na wale wasomaji wa kujitolea wa kamusi ya Oxford kuzisoma kazi zake kwa makini kuliko za watu wengine wa enzi yake. Alikuwa wa kwanza kunukuliwa, na kadiri vitabu vingine vya kale vinavyowekwa kwenye kompyuta ndivyo maneno mengi "yake" yanavyokutwa kwa waliomtangulia. La pili ni kwamba Kiingereza kilifikisha neno la milioni moja tarehe 10 Juni 2009. Kampuni moja ya Marekani ilitangaza hivyo, na wanaisimu wakalikataa. Huwezi kuhesabu maneno mpaka uamue kama "run" na "running" ni mawili, kama jina la kila kemikali linahesabiwa, na kama neno lililotumika mara moja kwenye utani ni neno.

Kiingereza hupataje maneno basi? Kutoka hewani ni nadra sana. "Googol", jina la tarakimu 1 ikifuatiwa na sifuri mia moja, lilitolewa na mtoto wa miaka tisa, Milton Sirotta, alipoulizwa na mjomba wake mwanahisabati Edward Kasner. Mifano ya aina hiyo ni michache kwa sababu msikilizaji hana pa kushika: hakuna kipande ndani ya neno kinachomdokeza maana. Maneno mengi hutengenezwa kwa vipande vilivyokwisha kuzoeleka. Huunganishwa maneno mawili kamili, kama "doom" na "scroll". Hupachikwa kiambishi. Hubadilishwa kazi bila kubadilishwa umbo, nomino ikawa kitenzi, jambo ambalo Kiingereza hulifanya kwa urahisi kwa kuwa vitenzi vyake havidai viambishi vingi. Huchukuliwa herufi za mwanzo, kama "laser" na "radar". Huhulutishwa, yaani kichwa cha neno hili kinashonwa kwenye mkia wa lile: "brunch" mwaka 1895, "smog" mwaka 1905, "Brexit" mwaka 2012.

Litazame "rizz" kwa karibu, kwa sababu linafundisha mengi. Inaaminika limekatwa kutoka "charisma", na lilisambazwa hasa na mtangazaji wa mtandaoni Kai Cenat. Kwa kawaida Kiingereza hukata mkia kikabakiza kichwa: "exam", "lab", "ad". Hapa kilichobaki ni katikati, njia isiyo ya kawaida lakini si ngeni, maana "flu" limetoka katikati ya "influenza" na "fridge" katikati ya "refrigerator". Kisha angalia tahajia. "Charisma" lina s moja inayotamkwa z, ila kipande kilipojitenga kilipata zz, kwa sababu ndivyo Kiingereza kinavyoandika maneno mafupi ya sauti hiyo: "jazz", "buzz", "fizz". Ndivyo "fridge" nalo lilivyopewa d ambayo "refrigerator" halina, ili g isisomwe kama ya "frig". Neno lilipovaa sura ya wenyeji likaanza kuzaa: "rizz up" ni kitenzi, cha kumvutia mtu kwa maneno. Neno linalozaa namna hii lina nafasi ya kudumu kuliko linalosimama peke yake.

Ipo njia nyingine inayoshika kasi, ya kipande cha neno kujing'oa na kuwa kiambishi. Watergate lilikuwa jina la majengo jijini Washington ambako ofisi za chama cha Democratic zilivunjwa na kuingiliwa na wezi mwaka 1972. "Gate" hapo haikuwa na uhusiano wowote na kashfa. Baada ya kashfa ile, mkia wake ulianza kubandikwa kwenye kashfa yoyote. Vivyo hivyo "-holic" ya "workaholic" ilichomolewa kutoka "alcoholic", na "-thon" ya "telethon" kutoka "marathon". Ukivijua vipande hivi kumi au kumi na tano, maneno mengi mapya yanajifungua yenyewe: ukikuta "shrinkflation" na unajua "inflation", umeshakisia kwamba bidhaa imepunguzwa ukubwa bei ikabaki palepale.

Mwanaisimu Allan Metcalf alipendekeza mwaka 2002 mambo matano ya kupimia kama neno litadumu: linatumika mara ngapi, halijitangazi kama neno la kubuni, linatumiwa na watu na mazingira mbalimbali, linazaa maumbo na maana nyingine, na kitu linachokitaja kitaendelea kuwapo. La pili ndilo watu hulidharau, nami naliona lina uzito kuliko yote. Maneno ya utani hufa kwa sababu kila ukiyasema unaonekana unachekesha. Gelett Burgess, Mmarekani aliyetupa "blurb", yale maneno ya kusifia kitabu nyuma ya jalada, alichapisha mwaka 1914 kitabu kizima cha maneno aliyoyabuni. Karibu yote yamesahaulika. "Blurb" limebaki: fupi, linafanana na maneno ya kawaida, na kitu chenyewe kipo kwenye kila jalada.

Sasa kazi ya mkono. Ukikutana na neno usilolijua, liandike kwa tahajia zote zinazowezekana kabla ya kulitafuta: "doomscrolling", "doom-scrolling", "doom scrolling". Maneno ya kuungana mara nyingi huanza yakiwa mbalimbali, yakapita kwenye kistari kifupi, yakaishia pamoja. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP uliondoa kistari kwenye "e-mail" mwaka 2011, na toleo la 2007 la kamusi ya Shorter Oxford liliondoa vistari takribani 16,000. Ukitafuta umbo moja tu utahitimisha kwamba neno halipo kumbe liko kwa sura nyingine.

Baada ya hapo nenda kwenye kopasi ya habari iitwayo NOW, inayokusanya magazeti ya mtandaoni ya nchi mbalimbali tangu 2010 na kuongezwa kila siku. Kujisajili ni bure, ila idadi ya utafutaji kwa siku ina kikomo. Soma sentensi kama ishirini za miaka tofauti, usihesabu tu. Tazama alama za nukuu. Neno likiwa changa, mwandishi hulitia ndani ya nukuu na kulieleza papo hapo. Miaka michache baadaye nukuu zinabaki, maelezo yanaondoka. Halafu nukuu nazo zinaanguka. Siku waandishi wa kurasa za uchumi na afya wanapoliandika bila nukuu wala maelezo, ujue limeshakaa. Tazama pia kama sentensi zote zinatoka kwenye kampuni moja inayouza kitu, au kwenye makala za "maneno kumi mapya ya mwaka huu". Hizo ni tangazo na orodha, hazionyeshi matumizi.

Chombo cha Google cha Ngram, kinachochora mstari wa neno ndani ya vitabu, kinafaa kwa maneno yenye umri. Kina mitego mitatu. Mstari wake hulainishwa: mpangilio wa awali huchukua wastani wa miaka mitatu kila upande, kwa hiyo neno changa huonekana limeanza kabla halijazaliwa. Weka ulainishaji kwenye 0. Hutofautisha herufi kubwa na ndogo usipokiambia vinginevyo. Na vitabu vingine vimeandikwa tarehe zisizo zao, hivyo nundu ndogo ya mwaka 1900 kwa neno la kompyuta ipuuze. Ile idadi ya matokeo inayotolewa na injini za utafutaji ni makadirio tu, usiinukuu popote.

Urban Dictionary, iliyoanza 1999, huandikwa na yeyote na kupigiwa kura na yeyote. Itumie kuonja ladha ya neno, kama ni la matusi, la ngono au la dhihaka, kabla hujalitamka mbele ya watu. Usiitumie kama ushahidi, kwa sababu nusu ya utani wake ni watu kuandika majina ya marafiki zao. Wiktionary ina nidhamu zaidi: kwa lugha kubwa kama Kiingereza hudai nukuu tatu zisizotegemeana, zilizosambaa kwa muda wa angalau mwaka mmoja. Hicho ni kipimo kizuri hata kwako mwenyewe.

Turudi kwenye ripoti. Swali la kumpelekea mkuu wako liwe: ofisi yetu inafuata kamusi gani na mwongozo gani wa uandishi, toleo la mwaka upi? Sehemu nyingi zinazohariri kwa umakini huchagua moja na kuishikilia. AP, kwa mfano, walihamia Merriam-Webster mwaka 2024. Kisha fikiria msomaji. Kama ripoti itasomwa na watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, au itafunguliwa tena miaka mitano ijayo, "doomscrolling" linaweza kuwa mzigo hata kama ni halali, na hapo ndipo naona mkuu wako ana hoja. Una njia mbili. Ukilihitaji mara nyingi, litumie, lakini lieleze kwa nusu sentensi linapotokea mara ya kwanza, bila nukuu za kuomba radhi baada ya hapo. Ukilihitaji mara moja tu, andika kwa maneno ya kawaida kwamba watu wanasoma habari mbaya mfululizo kwenye simu. Neno jipya linastahili nafasi linapofupisha maelezo unayolazimika kuyarudia. "Rizz" na "delulu" kwenye ripoti ya kazi yaache, isipokuwa unamnukuu mtu. Hata mtu wa rika lako akiyatumia kwa usahihi, vijana husikia mtu anayejipendekeza, na neno la misimu likishatumiwa na wazazi huwa linatafutiwa mbadala.

Kuna mahali ambapo kopasi na kamusi havitoshi, na unahitaji mtu wa kukaa naye. Mkataba, hati ya mahakama, maelekezo ya dawa au maelezo ya usalama wa mashine: neno lolote jipya humo lipitiwe na mtaalamu wa fani hiyo, kwa sababu huko maana huwekwa kwa fasili iliyoandikwa, na matumizi ya magazetini hayana nguvu. Tasnifu ya chuo, muulize msimamizi wako. Maneno yanayotaja utambulisho wa watu, rangi, ulemavu au jinsia, muulize mtu wa jamii hiyo. "Woke" lilitoka kwenye maana ya kuwa macho dhidi ya dhuluma ya rangi, na kwa midomo mingine leo ni kejeli. Idadi ya matumizi haitakuonyesha nani anacheka na nani anaumia.

Na kwa kuwa una vijana nyumbani, lijue neno "unalive". Lilienea kama njia ya kukwepa vichujio vya mitandao vinavyozuia maneno ya kuua na kujiua, na hiyo ndiyo maana yake. Mara nyingi hutumiwa kwa utani au kwa kusimulia filamu. Lakini kijana akilisema juu ya nafsi yake, acha habari za msamiati. Kaa naye umuulize waziwazi, na utafute msaada wa mhudumu wa afya bila kungoja.

Limebaki neno lako. Hakuna ada, hakuna fomu ya kulisajili, na yeyote anayekuuzia cheti cha neno anakuuzia karatasi. Oxford wana ukurasa ambapo mtu yeyote anaweza kupendekeza neno, lakini wanachokitafuta ni ushahidi wa watu wengine kulitumia. Ukituma neno unalolitumia peke yako, hakuna cha kuandika. Kwa hiyo kwanza hakikisha halijabuniwa tayari, kwa kulitafuta kwa tahajia zote kama nilivyoeleza. Lisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajawahi kuliona: akilitamka tofauti na ulivyokusudia, badili tahajia sasa, baadaye ni vigumu. Angalia halifanani na tusi. Kisha liandike mahali pa wazi penye tarehe, ndani ya sentensi ambayo maana yake inajionyesha yenyewe, na uliache lifanye kazi. Usilielezee kila mara wala usilitie nukuu. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole aliliandika "serendipity", yaani bahati ya kukuta jambo jema usilolitafuta, kwenye barua ya tarehe 28 Januari 1754, na lilikaa karibu bila kutumika hadi karne ya 20. Likianza kuonekana kwa watu usiowajua, kusanya sentensi zao tatu nne pamoja na tarehe na mahali zilipochapishwa, ndipo ujaze ule ukurasa wa Oxford.